NDANI YA BANGI NA KATANI MNA NINI?

Siku moja ya mnada hapa Basotu, darasa la kisomo lilipokwisha, mzee mmoja alibaki nyuma. Wenzake walikwisha kwenda kuangalia ng'ombe. Yeye alitia mkono kwenye koti, akatoa kichupa kidogo cheusi, akakiweka mezani mbele yetu.

"Mwalimu," akasema, "nimejaribu kusoma karatasi hii. Maneno mengi ni ya Kizungu, hayo nimeyaacha. Lakini hapa kuna herufi tatu kubwa: C, B, D. Nazijua zote tatu. Nikiziunganisha hazitoi neno. Sasa zinasema nini?"

Tulimwuliza kichupa amekipata wapi. Akasema amekinunua mnadani kwa mtu asiyemjua, kwa bei ya mbuzi. Mwuzaji alimwambia kuwa ni mafuta ya katani, na kwamba mjukuu wake mwenye kifafa atapona kabisa. Lakini jirani yake alipokiona akashtuka, akamwambia, "Mzee, hiyo ni bangi, utafungwa!" Basi mzee akawa katikati. Je, ni katani au ni bangi? Ni dawa au ni sumu?

Maswali hayo ni mazuri, na siku ile hatukuweza kuyajibu yote tumesimama mlangoni. Leo tunayajibu hapa ili kila mtu asome. Jina la mzee hatutalitaja.

KILA MMEA UNA KEMIKALI ZAKE

Kwanza tuelewane juu ya neno kemikali. Wengi wetu tukisikia kemikali tunafikiri dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ya kunyunyizia kwenye ngano. Lakini kila kitu kimejengwa kwa kemikali: maji, chumvi, majani, hata damu yetu. Pilipili inawasha kwa sababu ya kemikali iliyomo ndani yake. Kahawa inafukuza usingizi kwa sababu ya kafeini. Tumbaku inamfunga mvutaji kwa sababu ya nikotini. Sisi wa Basotu tunaijua ngano. Unga wa ngano ukikandwa unavutika, na mkate unaumuka, kwa sababu ngano ina gluteni. Unga wa mahindi hauna gluteni, ndiyo maana ukiukanda kwa mkate unakatikakatika.

Kemikali iliyoundwa kwa vitu vya asili viwili au zaidi vilivyoshikana huitwa kampaundi. Maji ni kampaundi: hidrojeni imeshikana na oksijeni. Sasa bangi ni mmea wenye kampaundi nyingi mno. Wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya 500. Kati ya hizo, zaidi ya 100 ni za ukoo mmoja ambao hupatikana hasa katika mmea huu. Ukoo huo huitwa kanabinoidi. Tusiogope jina, ni refu tu. Mbili kati yao ndizo zinazosumbua dunia nzima, nazo ndizo tutakazokaa nazo zaidi.

Ya kwanza ni tetrahidrokanabinoli. Hata walimu ulimi unawagongana. Kwa hiyo watu hulifupisha kwa herufi tatu, THC. Hii ndiyo inayolevya. Mtu akivuta bangi na akili ikahama, ni THC iliyofanya kazi hiyo, kama vile kileo kinavyofanya kazi ndani ya pombe ya asali au gongo. Ya pili ni kanabidioli, nayo hufupishwa CBD. Hizo ndizo herufi za mzee wetu. Hazitoi neno kwa sababu zimechukuliwa kutoka katika jina refu la Kizungu. CBD hailevyi.

Ajabu ni hii. Ukivunja THC hadi chembe za mwisho, yaani atomi, utakuta kaboni 21, hidrojeni 30 na oksijeni 2. Ukivunja CBD utakuta kaboni 21, hidrojeni 30 na oksijeni 2. Ni zilezile, jumla 53! Iweje basi moja ilevye na nyingine isilevye? Chukua kalamu uandike neno LIMA. Sasa chukua herufi hizohizo nne, uzipange upya: MALI. Hukuongeza herufi wala hukupunguza, lakini kulima na mali ni mambo mawili. Hata hizi kampaundi ni hivyohivyo. Atomi ni zilezile, mpangilio ndio tofauti. Mpangilio huo ukibadilika kidogo tu, mwili unasoma neno jingine.

Kuyajua haya kulichukua muda mrefu. Mwaka 1940 Mmarekani Roger Adams alifaulu kuitenga CBD kutoka kwenye mmea. Umbo lake halisi lilijulikana mwaka 1963, na mwaka uliofuata, 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni wa Israeli waliitenga THC ikiwa safi na kuonyesha jinsi ilivyojengwa. Binadamu walikuwa wamevuta bangi kwa maelfu ya miaka, na neno lenyewe "bangi" limetufikia kutoka Bara Hindi, lakini kilichokuwa kinawalevya hawakukijua mpaka juzi juzi tu.

ZINATENGENEZWAJE?

Mmea wa bangi una jike na dume, kama mpapai. Dume hutoa chavua, jike hutoa maua na mbegu. Kwenye maua ya jike na majani madogo yanayoyazunguka kuna vinyweleo vidogo mno vyenye vichwa, mithili ya pini. Ndani ya vichwa hivyo ndimo mmea unamotengeneza utomvu wenye kunata, na ndani ya utomvu ndimo kanabinoidi zilimo. Mizizi haina kitu. Bua lina kidogo mno. Mbegu yenyewe haina THC ya maana, isipokuwa utomvu ulioishikilia kwa nje. Mbegu ina mafuta na protini kwa wingi, na katika nchi nyingine huliwa na watu na ndege.

Mmea hauanzi na THC. Unaanza na kampaundi moja ambayo tunaweza kuiita mama. Ufupisho wake ni CBG, na ndani ya mmea mbichi huwa katika hali ya tindikali. Halafu vimeng'enya vya mmea vinamgeuza mama huyo. Kama mbegu imerithi kimeng'enya cha aina moja, mama anageuzwa kuelekea upande wa THC. Kama imerithi cha aina nyingine, anageuzwa kuelekea upande wa CBD. Urithi huo ndio unaotenga bangi na katani. Jani haliwezi kukuonyesha. Mimea miwili inaweza kufanana kama mapacha, mmoja ukalevya na mwingine usilevye.

Tena, katika mmea mbichi THC bado haijawa THC. Ina mzigo begani, tindikali, na mzigo huo unaizuia kulevya. Joto la moto ndilo linaloutua mzigo. Hewa ya ukaa inatoka, inabaki THC yenyewe. Ndiyo maana ng'ombe au mbuzi akila majani machache mabichi haleweki kama mtu aliyevuta. Na bangi ikikaa muda mrefu juani na hewani, THC huharibika polepole ikawa kampaundi nyingine iitwayo CBN, yenye nguvu ndogo zaidi.

Iko na harufu. Harufu ile kali haitokani na THC wala CBD, kwani hizo hazinuki. Inatokana na ukoo mwingine uitwao terpeni. Na hao ni majirani zetu wa siku zote jikoni. Terpeni moja ya bangi imo pia katika maganda ya limau, nyingine katika miti ya misonobari, na nyingine imo katika pilipili manga na karafuu za Unguja na Pemba. Kwa hiyo mtu akikwambia kichupa hiki ni cha kweli kwa sababu kinanuka, mwulize kama karafuu nayo ni bangi.

KATANI NI IPI?

Hapa lugha inatuchanganya kidogo. Sisi Tanzania tukisema katani, wengi tunafikiria nyuzi za mkonge: kamba ya kufungia ndama, gunia, kitani cha fundi bomba. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ukaenea. Mkonge hauna undugu wowote na bangi. Hauna THC, hauna CBD. Ukiwa na kamba ya mkonge nyumbani lala usingizi wako.

Lakini ipo katani nyingine, ya Asia na Ulaya, na hiyo ni bangi kwa ukoo. Wataalamu wa mimea huziita zote mbili kwa jina moja, Cannabis sativa. Imelimwa tangu zamani kwa ajili ya nyuzi za kamba, matanga ya meli na nguo. Nyuzi zake zimejengwa kwa selulosi, kampaundi ileile inayojenga pamba na mkonge, na bua kwa ndani lina lignini kama kuni. Katika selulosi hakuna ulevi.

Nchi zinazoruhusu katani hiyo huweka mpaka kwa kipimo cha THC. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2018, mpaka ni asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zinatumia kipimo hicho tangu 2023. Hebu tupige hesabu kama darasani. Kilo moja ni gramu 1,000. Asilimia 0.3 ya gramu 1,000 ni gramu 3. Basi katika kilo nzima ya maua makavu ya katani THC isizidi gramu 3. Bangi yenye asilimia 10 ingekuwa na gramu 100 katika kilo ileile. Na siku hizi kuna bangi za Ulaya na Marekani zinazopita hapo. Tatizo ni kwamba chavua ya mmea huu hupeperushwa na upepo mbali sana, kama ya mahindi. Aliyepanda mahindi meupe jirani na ya njano anajua yatakayompata.

Kwetu sheria haimwulizi mkulima gramu ngapi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, kuiuza, kuisafirisha, kukaa nayo na kuivuta. Kwa kulima peke yake mtu anaweza kufungwa miaka 30. Wenzetu wa Arumeru na Tarime wameona mashamba yakifyekwa na kuchomwa mara nyingi. Ni kweli kwamba Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, na Malawi ikatunga sheria yake mwaka 2020. Lakini leseni ya Malawi haivuki mpaka. Wanaopita vijijini kuuza "mbegu za katani zilizoruhusiwa" waombwe kwanza kuonyesha ruhusa hiyo kwa Bwana Shamba na kwa polisi. Utaona watakavyoaga haraka.

MWILINI ZINAFANYA NINI?

Ubongo una milango midogo iitwayo vipokezi. Kila mlango una kufuli, na kila kufuli ina ufunguo wake. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waligundua kwamba ubongo una kufuli inayofunguka kwa THC. Watu wakashangaa. Je, Mungu alituumba tayari kwa kuvuta bangi? La. Mwaka 1992 kikundi cha Mechoulam kiligundua ufunguo halisi ambao mwili wenyewe unautengeneza, wakauita anandamaidi, kwa neno la Kihindi cha kale lenye maana ya furaha. Mwili huutoa kidogo kidogo, mahali unapohitajika, kisha huuvunja mara moja. THC ni ufunguo wa bandia. Unaingia kila mlango kwa pamoja na unakaa muda mrefu.

Milango hiyo ni mingi mahali pa kumbukumbu, ndiyo maana mvutaji husahau alichosema sasa hivi. Ni mingi mahali pa kuongoza viungo, ndiyo maana mwenye kuendesha trekta au bodaboda huona kona imechelewa. Ipo mahali pa njaa, kwa hiyo anakula sana. Moyo nao hudunda mbio. Wengine huingiwa na hofu kubwa, wakaona watu wanawasengenya.

Moshi ukivutwa, THC hufika ubongoni kwa dakika chache. Ikiliwa, hupita kwanza kwenye ini, na ini huigeuza kuwa kampaundi yenye nguvu zaidi. Hapo huchukua nusu saa hata saa mbili kuonekana. Anayekula akaona hakuna kitu, akaongeza, ndiye anayeokotwa njiani. Mtoto mdogo akila kwa bahati mbaya anaweza kuzimia, akimbizwe hospitali bila kuona haya. Tena THC hupenda mafuta, kwa hiyo hujificha katika mafuta ya mwili. Mvutaji wa kila siku akiacha leo, mkojo wake unaweza kuonyesha kwa wiki kadhaa.

Kwa vijana tuseme wazi. Ubongo huendelea kujengwa mpaka kama miaka 25. THC ikiingia mapema na mara kwa mara huharibu ujenzi huo, na kwa wengine, hasa wenye asili hiyo katika ukoo, huongeza hatari ya kupata ugonjwa wa akili. Wapo wanaovuta na kuacha, hilo hatulifichi. Lakini takribani mmoja kati ya watumiaji kumi hushindwa kuacha, na walioanza wakiwa wadogo hushindwa zaidi. Mama mjamzito akivuta, THC humfikia mtoto tumboni, na baadaye humfikia kwa maziwa. Na moshi wenyewe una lami na hewa ya sumu kama wa tumbaku.

CBD haiingii vizuri katika kufuli ile, ndiyo maana hailevyi. Inafanya kazi kwa njia nyingine. Hapa ndipo penye ukweli kidogo katika maneno ya yule mwuzaji wa mnadani, na uongo uliochanganywa na ukweli kidogo ndio mgumu kuukamata. Ni kweli kwamba mwaka 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya CBD iitwayo Epidiolex kwa ajili ya kifafa. Lakini ni kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto, ambazo ni adimu. Inapunguza degedege, haiponyi. Kwa kawaida mtoto hupewa pamoja na dawa zake nyingine, na daktari humpima ini, maana CBD inaweza kulidhuru na inaweza kubadilisha nguvu ya vidonge vingine. Kila tone lina kipimo kinachojulikana.

Je, kichupa cha mnadani kina kipimo gani? Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD walizonunua kwenye mtandao. Karibu 3 tu kati ya kila 10 zilikuwa na kiasi kilichoandikwa. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingine na zaidi, na 18 zilikutwa na THC ndani yake. Kama ni hivyo huko kwenye maabara kila mji, kichupa cha mzee wetu, kisicho na jina la kiwanda wala namba ya usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kingeweza kuwa na CBD, au THC ya kumfunga mzee na kumlevya mtoto, au mafuta ya alizeti tu.

Jambo jingine lahusu kifafa cha huku kwetu. Uchunguzi uliofanywa miaka mingi na Hospitali ya Haydom wilayani Mbulu umeonyesha kwamba wagonjwa wengine wa kifafa wana vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai kwa haja kubwa. Asipotumia choo na asiponawa, mayai huingia katika chakula cha wengine, huanguliwa tumboni, na lava hupanda na damu hadi kichwani. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji matibabu yake mwenyewe, na mwenye kujua ni daktari aliyempima. Herufi tatu kwenye chupa haziwezi kujua.

Tulipokuwa tukimweleza mzee baadhi ya mambo haya, tulimwuliza mjukuu anameza nini sasa. Akanyamaza. Kisha akasema mtoto alikuwa akimeza fenobabito kila jioni, na mwuzaji alimwambia aiache kwanza ili mafuta yafanye kazi. Ilikuwa siku ya tano bila kidonge.

Mnada tukauacha. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu, na mwingine huanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati. Tulimpata mwenye pikipiki, mzee akaenda nyumbani kumchukua mtoto na mama yake, wakafika kituo cha afya kabla ya jua kuzama. Mganga akamrudishia vidonge, akawaandikia tarehe ya kurudi. Kichupa mzee alikikabidhi kwa mganga. Karatasi ya tarehe aliishika mwenyewe, akaisoma kwa sauti mbele yetu, tarakimu moja moja, akauliza kama siku hiyo itaangukia siku ya mnada.